Damu ilivyohojiwa Kyoto

Dawa ya nivolumab haiui seli za saratani yenyewe. Huziba PD-1, breki iliyo juu ya seli T za kinga, ili seli hizo zirudi kazini. Breki hiyo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1992 na maabara ya Tasuku Honjo katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na mwaka 2018 Honjo akapata Tuzo ya Nobel pamoja na James Allison wa Marekani. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hutundikiwa dripu ya dawa hiyo na uvimbe ukaendelea kukua. Ili kujua nani atasaidika, madaktari humega kinyama cha uvimbe, wakapima protini ya PD-L1 au kuhesabu mabadiliko ya jeni. Wanauhoji uvimbe, ilhali anayetumwa vitani ni kinga ya mgonjwa.

Kundi la Honjo na mwenzake Kenji Chamoto likaigeukia damu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 55 walitolewa damu kabla na baada ya kuanza nivolumab, zikapimwa metaboliti za kwenye plazma, yaani molekuli ndogo zinazozalishwa mwili unapochoma chakula na kujijenga. Mchujo wa kitakwimu ukabakiza nne zilizotabiri vyema nani atasaidika.

Asidi ya hipuriki ndiyo iliyonivuta zaidi. Bakteria wa utumbo huvunjavunja kemikali za matunda na chai mpaka ikapatikana asidi ya benzoiki. Ini na figo huiunganisha na glisini, ikawa hipuriki. Jina lina farasi ndani yake, kwa Kigiriki, kwa kuwa Justus von Liebig aliichambua kutoka mkojo wa farasi. Kwa hiyo tone la damu ya mkononi linaleta habari za utumboni. Butirilikanitini huonyesha jinsi mafuta yanavyochomwa katika mitokondria. Sistini na glutathioni iliyooksidishwa huonyesha hali ya oksidisho mwilini.

Zote nne kwa pamoja zilitoa AUC, kipimo cha uwezo wa kutofautisha waliosaidika na wasiosaidika, ya 0.91. Namba hii husomwa vibaya mno. Haisemi kwamba wagonjwa 91 kati ya 100 walitabiriwa sawasawa. Ukimchukua yeyote aliyesaidika na yeyote asiyesaidika, kipimo kitawapanga kwa usahihi mara 91 kati ya 100; AUC ya 0.5 ni sawa na kurusha shilingi.

Kisha vikapimwa viashiria vinne vya seli T zenyewe, viwili vikihusu mitokondria: AUC 0.96. Vyote vilipotiwa kapu moja, seli T zikabaki na metaboliti zikaenguliwa. Watafiti wanaona huenda ni kwa sababu makundi hayo mawili yanahusiana, na hapo ndipo naona uzito wa kazi hii: metaboliti zilikuwa zikisimulia hali ya seli T.

Wagonjwa 55 ni wachache kwa mchujo wa aina hii, na hata walipoongezwa 24 wa kuhakiki, na matokeo ya seli T yakasimama, bado ni wachache. Lakini naitetea plazma. Seli T hutaka kupimwa zikiwa hai. Plazma hugandishwa ikasubiri. Sharti itenganishwe mapema, kwani chembe nyekundu zimejaa glutathioni kuliko plazma kwa mbali sana, na zikipasuka kwenye kichupa, kipimo kimeharibika.