Ustadi wa Kusafisha Vali ya Maji

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo manufaa yake ni makubwa na sifa yake ni haba, nathubutu kuitaja kazi ya fundi afunguaye vali inayotawala mtambo wa kulainisha maji, akaisafisha kipande kwa kipande, akairudisha mahali pake ikatenda kama ilivyotenda siku ilipofungwa. Watu wamezoea kumsifu mjenzi wa jahazi na mchonga milango, na sifa hizo ni haki yao. Lakini aliye hodari wa kusafisha huhesabiwa kuwa mtumishi tu, kana kwamba kuondoa uchafu hakuhitaji akili. Mimi nashikilia kinyume cha hayo. Katika kazi hii kusafisha ni kusoma, na uchafu wenyewe ni khabari, na fundi asiyeisoma khabari hiyo, hata vali ikitoka mikononi mwake inang'aa, amefanya nusu ya kazi.

Sehemu kubwa ya mwambao wetu, Mombasa na Unguja zikiwamo, imesimama juu ya jiwe la matumbawe, na asili ya jiwe hilo ni chokaa. Mvua inyeshapo huchukua hewa ya kaboni angani, na zaidi udongoni, ikapata ukali mdogo ambao ulimi hauuhisi. Lakini ukali huo hulila jiwe polepole, na maji yafikapo kisimani huwa yamekwisha kubeba kalsiamu na magnesiamu. Wataalamu huyahesabu maji kuwa magumu sana pindi yazidipo miligramu 180 katika lita moja kwa kipimo cha kaboneti ya kalsiamu. Dobi hana haja ya kipimo hicho, kwa kuwa huyajua kwa povu lisilotoka. Mpishi huyajua kwa gamba jeupe ndani ya birika. Na mtunza boila huyajua kwa hasara, maana gamba hilo likishika mabomba ya boila huuzuia moto usiyafikie maji, mafuta yakateketea bure na chuma kikapata joto kupita kiasi.

Dawa ya ugumu huo ilianza kujulikana shambani. Mwaka 1850 Waingereza wawili, Thompson na Way, walieleza jinsi udongo unavyoweza kushika kitu kimoja kilichoyeyuka majini na kutoa kingine badala yake. Mwaka 1905, huko Ujerumani, Robert Gans aliitumia hikima hiyo kulainishia maji, na mwaka 1935 Adams na Holmes, Waingereza nao, wakatangaza resini za kutengenezwa kwa mkono wa binadamu. Leo tangi la mtambo hujazwa chembe ndogo za resini, ambazo nyingi hazifikii hata milimita moja kwa upana, na kila chembe hushika kalsiamu na kuachilia sodiamu. Zikisha kushiba haziwezi kushika zaidi. Hapo huoshwa kwa maji ya chumvi, zikatapika zilichokishika, zikarejea katika kazi.

Mambo yote hayo yangekuwa fujo kama lisingalikuwapo la kuyapanga, na lenye kuyapanga ni vali iliyoketi juu ya tangi kama bawabu mlangoni. Kwanza huyageuza maji yapande kutoka chini, yaziinue resini na kuzitoa takataka. Kisha huyafyonza maji ya chumvi na kuyapitisha taratibu. Kisha huzisuuza resini kwa nguvu. Na mwisho hurudisha maji katika tangi la chumvi ili yayeyushe ya zamu ijayo. Ndani yake mna pistoni iliyolainishwa mno, ipitayo katikati ya pete za mpira zilizopangwa kwa zamu na vitenganishi vya plastiki. Na kila pistoni isimamapo, njia moja hufunguka na nyingine hufungwa. Almuradi vali haiyatibu maji hata kidogo. Kazi yake ni tartibu tu, nayo tartibu ikiharibika, resini iliyo njema na chumvi iliyo safi hazifai kitu.

Kwa sababu hiyo fundi hana budi awe mtu wa tartibu kabla ya kugusa parafujo hata moja. Huifungua njia ya pembeni ili nyumba isikose maji, huufunga mtambo, huipeleka vali katika hatua ya kuosha ili mkazo wa maji uishie kwenye bomba la taka, ndipo akachomoa waya wa umeme. Hutandika kitambaa cheupe, akaviweka vipande kwa mfuatano ule ule vilivyotokea, kwa maana pete na vitenganishi hufanana machoni, na kimoja kikikosewa mahali pake, maji yatapita yasipotakiwa. Kila pete huizungusha kwenye mwanga baina ya kidole gumba na cha shahada, akitafuta mkwaruzo ambao jicho la haraka lisingeuona. Pistoni haikwangui kwa kisu wala haisugui kwa msasa, kwa kuwa mchoro mmoja juu ya uso wake utaila mipira kila ipitapo. Gamba la chokaa huliachia siki au maji ya ndimu, akasubiri. Siki hutoa mapovu madogomadogo, na inyamazapo huwa imemaliza. Wakati wa kurudisha, hupaka mipira grisi ya silikoni, kidogo sana. Mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini hayatumii, kwani huivimbisha mipira ya namna nyingi.

Lakini kipande ambacho hasa humpambanua stadi na mwenye papara ni injekta. Ni kidude kiwezacho kufichwa kiganjani, chenye tundu jembamba. Maji yakipenyezwa humo huongeza mwendo, mkazo wake hupungua, na upungufu huo ndio unaoyavuta maji ya chumvi kutoka tangini mwake. Tundu likiziba, mtambo utapita katika hatua zake zote, saa itazunguka, maji yatamwagika kwenye bomba la taka kama ada, ilhali hapana hata tone la chumvi lililofika kwenye resini. Mwenye nyumba atasema mtambo ni mbovu, na muuzaji atamshauri anunue mwingine. Fundi hulitazama tangi la chumvi, akaona maji hayakushuka, akajua. Hulizibua tundu kwa kijiti cha mti, kamwe si kwa sindano ya chuma, kwa sababu tundu likipanuliwa hata kidogo, uvutaji wake hubadilika.

Hapa ndipo yanapodhihirika niliyoyanena juu ya kusoma. Unga mweupe utokao povu katika siki ni khabari ya mwamba. Utelezi mwekundu ni khabari ya chuma, ama cha kisima ama cha mabomba ya zamani yaliyoliwa na kutu. Mchanga na tope kwenye chujio la injekta aghalabu ni khabari ya chumvi: pwani yetu haikupungukiwa na chumvi, na huko Gongoni, kaskazini ya Malindi, jua na bahari huitengeneza kwa wingi, lakini chumvi ya mtambo yapasa iwe imeoshwa, kwani ghafi huja na mchanga wake. Chembe za resini zikionekana mahali hapo ni khabari nzito zaidi, kwamba chujio la ndani ya tangi limepasuka. Afutaye hayo yote kwa tambara na kwenda zake ataitwa tena kwa kosa lile lile. Aulizaye yametoka wapi, akaibadili chumvi au akaweka chujio mbele ya mtambo, ameikomesha taksiri kwenye chimbuko lake.

Jambo jingine ambalo stadi halisahau ni saa. Mitambo mingi hupangwa ioshe resini saa nane usiku, watu walalapo, kwa kuwa wakati wa kuosha maji yaendayo nyumbani huwa hayakulainishwa. Umeme ukikatika, saa za namna ya zamani husimama, na ukirudi huendelea pale zilipokomea. Hata baada ya siku chache mtambo huosha adhuhuri, dobi na mpishi wakiwa kazini, wote wakilalamikia maji magumu kutoka katika mtambo usio na kosa. Kwa hiyo fundi hamalizi mpaka ameyafungulia maji polepole ili hewa itoke, ameipitisha vali katika kila hatua mbele ya macho yake, ameiweka saa sawa, na ametikisa sabuni katika chupa ya maji hayo akaliona povu.

Asidhani mtu kwamba nimelikuza jambo dogo. Mgonjwa wa figo asafishwapo damu kwa mashine, katika kikao cha saa nne hupitiwa na maji yapatayo lita 120, utando mwembamba tu ukiyatenga na damu yake. Na katika hospitali nyingi, mtambo wa kulainisha ni mmojawapo wa walinzi wa maji hayo kabla hayajafikia machujio makubwa. Maji magumu yakimfikia humletea kichefuchefu na unyonge wa mwili. Mtu huyo hamjui fundi, lakini uzima wake umepitia mikononi mwa fundi huyo.

Basi nasaha yangu kwa wenye hoteli, wenye viwanda na wakuu wa hospitali ni hii: msingoje maji yaharibike ndipo mkamwita fundi. Ifungueni vali walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ikiwa kisima kina chuma. Wekeni daftari kando ya kila mtambo, fundi aandike humo tarehe, uchafu aliouona na sababu yake. Na mumlipapo, mlipeni kwa elimu yake, si kwa dakika alizokaa.