Skrubu ya kutolea upepo: kazi iko kwenye ncha

Kwenye kalipa ya breki ya diski, hesi za skrubu ya kutolea upepo hazizuii mafuta. Kinachozuia ni ncha iliyochongwa kama koni, inayobana kwenye kitako cha umbo hilohilo ndani ya kalipa. Ukilegeza robo mzunguko, mafuta hupita kando ya ncha, huingia tundu la ubavuni na kutokea juu. Asiyelijua hilo akiona inavuja huikaza; ikizidi kuvuja, huikaza zaidi, hadi kichwa kiliwe au shingo ikatike.

Bodaboda tunayoichambua ililetwa gereji ikiwa njiani kufika huko. Kifuniko cha mpira kilishapotea, tundu limejaa tope, na pembe za kichwa zimeliwa na spana ya mdomo wazi. Skrubu ni ya chuma, kalipa ni aluminiamu. Maji yakikaa katikati, kutu huzigandisha.

Fundi hakukimbilia spana. Alisugua shina kwa brashi ya waya, akadondoshea mafuta ya kulegeza kutu, akaiacha ilale. Asubuhi aliyafuta yote, kwa kuwa mafuta ya aina hiyo yakipenya ndani huvimbisha mipira ya pistoni. Kisha akachomeka tunduni shina la biti ya drili lililoenea barabara, maana skrubu hii ni bomba tupu na ikibanwa kwa plaizi hubonyea. Kalipa aliiacha kwenye foki, ambako imeshikwa imara. Akagonga kichwa polepole kwa nyundo ndogo, akakaza kidogo, akalegeza, akarudia mpaka ikakubali.

Kabla ya kuitoa kabisa aliiweka mpya karibu na kuacha kifuniko cha kopo la mafuta ya breki kimefungwa, ili yavuje machache tu. Skrubu nyingi za kalipa za Kijapani ni M8 yenye hesi ya mm 1.25, za Brembo nyingi ni M10 yenye hesi ya mm 1.0. Alilinganisha urefu, hesi na mteremko wa ncha, akaiingiza kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, spana itaharibu hesi za kalipa tu.

Ukazaji wa M8 ni takriban Nm 6, sawa na kuvuta kwa uzito wa kilo 6 kwenye ncha ya spana ya sentimita 10. Ni nguvu ya kiganja, si ya bega.

Upepo ulitolewa kwa mafuta ya DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa: yakiwa makavu huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango chake cha chini ni 155. Fundi alipampu breki na kuishikilia, akafungua, akafunga, ndipo akaachia. Anayevuta kwa pampu ya kunyonya anaweza kuona viputo visivyokwisha, kumbe hewa inapita kwenye hesi zilizolegezwa na breki haina tatizo.

Kipimo cha mwisho ni karatasi kavu iliyozungushwa shinani huku breki imebanwa kwa nguvu. Ikibaki kavu, ncha imekaa. Ikilowa, fungua ukague kitako. Kuongeza nguvu hakutaziba mkwaruzo.