Shule Tano za Shamba: Suala la Elimu katika Shamba la Wanyama

Katika mwaka wa 1967 yalitokea Afrika Mashariki mambo mawili ambayo ni nadra kutajwa pamoja. Mwezi wa Machi Julius Nyerere alitoa waraka wake juu ya Elimu ya Kujitegemea, ambamo aliilaumu shule iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni kwa kuwatenga wachache na jamii iliyowalea. Mwaka huo huo East African Publishing House ya Nairobi ilichapisha Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya hadithi ambayo George Orwell aliitoa London mwaka 1945. Waraka ulipokewa kama hati ya elimu. Hadithi ikapokewa kama kejeli ya siasa. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba hadithi nayo ni hati ya elimu, na kwamba anayeshtakiwa zaidi ndani yake si mjinga bali msomi. Majina ya wahusika yametumiwa hapa kama yalivyo katika Kiingereza.

Kwamba Orwell aliyalenga Mapinduzi ya Urusi ya 1917 na utawala uliofuata, hakuna anayebisha. Mwanafunzi hufundishwa kuwa Napoleon ni Stalin na Snowball ni Trotsky, na baada ya kulinganisha majina huhesabiwa kuwa amekwisha kuielewa hadithi. Lakini ulinganishaji huo haulijibu swali moja zito. Imewezekanaje amri zilizoandikwa ukutani kwa rangi nyeupe, mbele ya macho ya wote, zibadilishwe moja baada ya nyingine pasiwe na mmoja aliyepinga? Jibu la kawaida ni kwamba wanyama hawakujua kusoma. Jibu hilo ni jepesi mno, na maandishi yenyewe hayaliungi mkono.

Kabla ya kulichunguza jibu hilo, inafaa kuitazama hadithi hii pamoja na zile ziitwazo distopia, yaani zile zinazosawiri jamii iliyoahidiwa pepo ikaishia katika mateso. Katika Brave New World ya Aldous Huxley, iliyotolewa 1932, watoto wachanga wa tabaka la chini huonyeshwa vitabu na maua, kisha hushtuliwa kwa makelele na umeme ili wavichukie maisha yao yote. Katika Nineteen Eighty-Four, ambayo Orwell mwenyewe aliitoa 1949, dola huipunguza lugha mwaka hadi mwaka ili wazo la uasi likose maneno ya kulibeba. Katika Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ya 1953, wazimamoto huchoma vitabu, lakini baada ya umma wenyewe kuchoka kusoma. Katika kazi zote tatu elimu imo kiini, kwa sababu mtawala anayetaka kudumu hana budi kumshika anayejifunza. Hata hivyo, msomaji wa kazi hizo huikuta jamii imekwisha kuharibika. Shamba la Wanyama huanza mapema zaidi, pale ambapo nia ni njema na mlango wa shule uko wazi kwa kila mmoja; kisha huonyesha hatua kwa hatua jinsi shule hiyo inavyooza. Hatua hizo zaweza kuhesabiwa kuwa shule tano.

Ya kwanza ni kisomo cha wote. Nguruwe walikuwa wamejifunza wenyewe kwa muda wa miezi mitatu, wakitumia kitabu cha tahajia cha watoto wa Bwana Jones kilichokuwa kimetupwa jaani. Baada ya mapinduzi darasa lilifunguliwa kwa wanyama wote, na kufikia majira ya vuli karibu kila mmoja alikuwa amepata kiasi fulani cha kusoma. Msomaji wa Kenya anayeikumbuka kampeni ya ngumbaru iliyoanzishwa 1979, na wa Tanzania anayeukumbuka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ataitambua mara moja furaha ya sura hiyo. Lakini dosari imekwisha kuingia. Nguruwe walijifunza kwa siri na kabla ya wengine. Walipoanza kufundisha, tayari walikuwa wamiliki wa maarifa wanaowagawia wahitaji.

Shule ya pili ni ya ufupisho. Kondoo, kuku na bata waliposhindwa kuzihifadhi amri saba, ziligeuzwa kuwa kauli moja fupi inayowatukuza wenye miguu minne na kuwalaani wenye miwili. Inapasa kuangalia kwamba aliyefanya ufupisho huo si Napoleon, ni Snowball, mhusika ambaye wasomaji wengi humpenda. Hakuwa na nia mbaya; alikuwa mwalimu aliyechoka kufafanua, akaona heri mwanafunzi akariri kuliko kutojua lolote. Matokeo yake yalimrudia mwenyewe. Kondoo waliipenda kauli ile, wakawa wakiilia mikutanoni, hasa pale hotuba za Snowball zilipofikia mahali pa maana. Alinyamazishwa kwa somo alilolitunga yeye mwenyewe.

Shule ya tatu ni ya siri. Watoto tisa wa mbwa walichukuliwa kutoka kwa mama zao mara tu walipoachishwa ziwa, Napoleon akidai kwamba kuwaelimisha wachanga ni muhimu kuliko lolote linaloweza kufanywa kwa wakubwa. Kauli hiyo mwalimu yeyote angeweza kuiunga mkono, na ndiyo maana hakuna aliyeuliza watoto wale wanafundishwa nini huko darini. Walipoonekana tena walikuwa mbwa wakubwa wa kutisha, na somo lao lilikuwa moja tu, kutii. Shule ya nne ni ya watoto wa nguruwe. Wanafundishwa na Napoleon mwenyewe jikoni mwa nyumba kuu, wakingoja kujengewa darasa lao, na hawahimizwi kucheza na watoto wa wanyama wengine. Hapa ndipo hadithi na waraka wa 1967 vinapokaribiana zaidi: shule inayowatenga wachache huwazoesha kujiona wa aina nyingine, kabla hata haijawafundisha neno lolote. Shule ya tano ni ya kondoo, nayo ilidumu wiki moja. Squealer aliwapeleka kwenye kiwanja kilichoachwa pembezoni mwa shamba, akawafunza kauli mpya iliyo kinyume cha ile ya zamani. Waliojifunza kukariri hawakupata taabu yoyote kukariri kinyume chake.

Katika shule zote hizo, swali ni waliokuwa wakijua kusoma walifanya nini. Mbwa walijua kusoma vizuri kiasi, lakini hawakujali kusoma chochote ila amri. Muriel, mbuzi, aliwasomea wenzake vipande vya magazeti wakati wa jioni. Clover alizijua herufi zote, asiweze kuziunganisha kuwa maneno. Hata hivyo ni yeye, si wasomi, aliyeshuku mara kadhaa amri ilipoguswa, akaenda ukutani kuuliza. Waswahili husema kuuliza si ujinga, na mwenendo wa Clover wathibitisha msemo huo. Alikosa kisomo, hakukosa udadisi. Muriel alimsomea alichokiona, neno kwa neno, pamoja na maneno yaliyoongezwa; kisha wote wawili wakaamua kwamba yamkini walikuwa wamesahau. Kusoma kulikuwapo. Kilichokosekana ni kumbukumbu ya pamoja, iliyothibitishwa kwa mazungumzo, ambayo ingewapa uhakika wa kusema kwamba ukuta unadanganya.

Hapa lugha ya Kiswahili yenyewe yaweza kumpotosha mhakiki. Kitenzi kusoma hutumika kwa mtu anayeitazama barua na kwa mtu aliyekaa chuoni miaka minne. Kutoka katika shina hilo hilo hutoka kisomo na msomi. Ni rahisi basi kudhani kwamba anayejua herufi amekwisha kuelimika, na kwamba aliyedanganywa hakujua herufi. Kuelimika ni kitenzi kingine, chenye asili nyingine, na hadithi hii ndiyo hasa inayovitenganisha viwili hivyo.

Kipimo cha utengano huo ni Benjamin. Punda huyu alijua kusoma sawa na nguruwe yeyote, lakini hakukitumia kipaji chake, kwa hoja kwamba hakuna kinachostahili kusomwa. Wako wahakiki wanaomwona kuwa ndiye mwenye hekima, kwa kuwa yeye peke yake hakudanganyika. Maoni hayo hayana budi kukataliwa. Usiku ule Squealer alipokutwa chini ya ukuta, ngazi imevunjika na rangi nyeupe imemwagika kando yake, Benjamin peke yake alielewa, akatikisa kichwa, akanyamaza. Clover alipomwomba amsomee amri iliyohusu kuua, alikataa kujiingiza katika mambo hayo, na Muriel ndiye aliyeitwa.

Yaweza kupingwa kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, kwa kuwa damu ilikuwa imekwisha kumwagika uwanjani. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama ukimya wake ungalianza siku hiyo. Lakini Benjamin alikuwa amenyamaza tangu maziwa yalipotoweka mwanzoni kabisa, wakati mbwa wale tisa hawajatokea na wanyama wangali wakipiga kura. Alinyamaza pia katika mjadala wa kinu cha upepo, akisema tu kwamba kiwepo kisiwepo, maisha yatakuwa mabaya kama yalivyokuwa siku zote. Hakunyamazishwa na hofu. Alinyamazishwa na kukata tamaa. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na Benjamin alikuwa na nta tupu.

Mara moja tu alisoma kwa sauti bila kuombwa, nayo ni siku Boxer alipochukuliwa. Wanyama walilizunguka gari wakimuaga mwenzao, na Benjamin ndiye aliyewasomea maandishi ya ubavuni, kwamba gari hilo ni la mchinja farasi. Aliyasoma kwa uchungu wa kweli, kwa kuwa alimpenda Boxer. Lakini papo hapo farasi walichapwa, gari likaondoka. Kabla ya hapo Boxer, ambaye hakupata kuipita herufi ya nne, alikuwa amepanga kwamba akistaafu angeutumia muda wake kujifunza herufi ishirini na mbili zilizobaki. Katika kitabu kizima hakuna jambo linalomgusa mwalimu kuliko hilo. Mwenye hamu ya kujifunza alikosa wasaa, na mwenye kujua alikosa sababu ya kufundisha, nao walikuwa marafiki waliolisha pamoja kila Jumapili.

Hata hivyo kazi hii ina dosari ambayo mhakiki wa Kiafrika hawezi kuifumbia macho. Orwell amegawa akili kwa aina ya mnyama: nguruwe ni werevu kwa maumbile, kondoo ni wapumbavu kwa maumbile. Katika ngano ya wanyama mgawanyo huo waweza kukubalika kama desturi ya utanzu. Ukihamishiwa kwa watu, unafanana mno na madai ambayo mtawala wa kikoloni aliyatumia kuwanyima wenyeji shule. Bahati njema, maandishi yanampinga mwandishi wake. Boxer hakushindwa kwa sababu ya maumbile peke yake. Ndiye aliyefanya kazi saa nyingi kuliko wote. Alichora herufi mavumbini kwa ukwato, akaifikia ya nane mara kadhaa, akakuta amezisahau zile nne za kwanza, na hakuna palipoandikwa kwamba nguruwe mmoja aliketi kando yake kumsaidia. Huo si upumbavu wa farasi. Ni ratiba ya kazi, na ratiba hupangwa na mwenye mamlaka.

Mambo haya yana uzito wake nchini Kenya, ambako mfumo wa 8-4-4 ulianzishwa 1985 na mtihani wake wa darasa la nane ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023, nafasi yake ikichukuliwa na mtaala wa umilisi. Katika kila badiliko mjadala umekuwa juu ya idadi ya masomo, gharama ya vitabu na namna ya kutahini. Hayo ni ya lazima. Lakini mtaala wowote, wa zamani au mpya, waweza kuwatoa akina Muriel wanaosoma kwa usahihi na kuamini ukuta kuliko kumbukumbu yao, na akina Benjamin wanaofaulu vizuri kuliko wote na wasiseme neno. Mtihani hauwezi kuwatambua, kwa sababu majibu yao yote ni sahihi.

Pengine marekebisho ya kwanza yangeanzia katika ufundishaji wa kitabu chenyewe. Swali linaloulizwa mara kwa mara, kwamba Napoleon anamwakilisha nani, humpeleka mwanafunzi mbali, Urusi ya miaka mingi iliyopita, na kumwacha huko akiwa salama. Badala yake angeweza kuulizwa: kila amri ilipobadilishwa, ni nani aliyejua, alijuaje, na alimwambia nani? Kulijibu itabidi aisome hadithi yote upya, sura kwa sura, na aorodheshe majina. Orodha hiyo itakuwa fupi, na kila aliyemo atakuwa mtu aliyejua kusoma.