Ladu za Chungwa katika Nyumba Zisizo na Oveni

Ufundi wa kutengeneza ladu za chungwa, yaani vitafunio vya mviringo vinavyofinyangwa kwa mkono kutokana na tende, simsim, njugu karanga na ngozi ya chungwa iliyokwaruzwa, bila kuokwa wala kuchemshwa katika sukari, unastahili kuhesabiwa miongoni mwa sanaa za upishi zinazoziafiki zaidi nyumba za Eastlands, Nairobi. Sehemu kubwa ya mitaa hiyo ya mashariki mwa jiji ilijengwa kwa dhana kwamba mpangaji angepika kidogo tu, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilimchukulia mfanyakazi Mwafrika kuwa mwanamume aliyekuja mjini peke yake na kwa muda, na ndiyo sababu mitaa kama Shauri Moyo na Bahati ilipewa vyumba vidogo, pamoja na mifereji na vyoo vya kushirikiana. Buruburu, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa ajili ya familia za tabaka la kati, ilikuja na majiko yaliyopangwa vizuri. Lakini katika maghorofa ya vyumba vya kupangisha yaliyoota Kayole, Dandora na Umoja, familia nyingi bado hupikia kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao sufuria huinjikwa juu yake, hatua chache kutoka kitandani. Katika mazingira hayo keki hununuliwa, ilhali ladu hutengenezwa.

Hata hivyo itakuwa kosa kuiona ladu kama kimbilio la asiye na oveni. Moto wa oveni humsaidia mpishi kwa mengi: hukausha unga uliozidi maji, hugandisha yai, huipa ngozi ya mkate rangi na ugumu, na kwa hiyo husamehe sehemu ya makosa yaliyofanyika wakati wa kukanda. Ladu haina msaada huo, kwa maana kila kitu kitakachoishikilia lazima kiwemo tayari vidole vinapofumbata, na anayeitengeneza hulazimika kuujua unyevu kwa kugusa, utamu kwa kuonja na harufu kwa kunusa kabla kazi haijakwisha. Ndugu zake wa karibu, yaani kashata za pwani, vidonge vya simsim vinavyouzwa barabarani na kwenye vituo vya matatu, na ladu za ufuta ambazo familia za Kihindu hutengeneza mwezi wa Januari kwa sikukuu ya Makar Sankranti, hushikiliwa na sukari au sukari guru iliyoyeyushwa motoni. Katika ladu ya chungwa kazi hiyo hupewa tende, ambayo nyama yake laini hunata yenyewe ikishapondwa.

Chungwa lenyewe ndilo linalohitaji maarifa mengi zaidi. Machungwa yanayojaa soko la Wakulima, ambalo wengi huliita Marikiti, na lile la Muthurwa, hutoka kwa wingi Makueni na ng'ambo ya mpaka, Muheza katika Mkoa wa Tanga, na mara nyingi huwa na ngozi ya kijani hata yakiwa yameiva kabisa, kwa sababu klorofili, rangi ya kijani ya mimea, huhitaji usiku wa baridi ili ivunjike na kuiachia rangi ya manjano nafasi. Mnunuzi asiyelijua jambo hilo hulikataa tunda zuri. Kipimo cha kweli ni uzito wake mkononi na harufu inayotoka ngozi inapokwaruzwa kidogo kwa ukucha, kwa kuwa harufu hiyo haimo katika maji ya tunda bali katika vifuko vidogo mno vya mafuta vilivyotapakaa juu ya ngozi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo limonene. Chini ya ngozi kuna utando mweupe, na humo ndimo uchungu ulimo. Kwa hiyo tunda hupitishwa kwa wepesi juu ya kibati chenye matundu cha kukwaruzia karoti, likizungushwa kila mara rangi inapokwisha, na mkono unaokandamiza kwa pupa hulipa kosa hilo katika kila ladu. Machungwa yanayoletwa kutoka Misri na Afrika Kusini yana rangi ya kuvutia zaidi, lakini aghalabu hupakwa nta ili yasikauke safarini. Hayo huhitaji maji ya uvuguvugu na kusuguliwa kwa brashi kabla ya kukwaruzwa, na la Muheza nalo lioshwe vilevile.

Wanaoanza hutaka kuipata ladha ya chungwa kwa kumimina maji ya tunda, na hapo ndipo ladu nyingi huharibika. Maji hulegeza donge, humlazimu mpishi kuongeza unga hadi utamu ufifie, na hufungua njia ya kuchacha, kwa sababu vijidudu na kuvu hustawi palipo na maji huru, yaani maji ambayo hayajashikwa na sukari wala nyuzi za chakula. Ngozi hutoa harufu bila kuleta maji hayo. Zaidi ya hapo, limonene huyeyuka katika mafuta na si katika maji, na kutokana na tabia hiyo fundi mzuri huanza kwa kuisugua ngozi iliyokwaruzwa pamoja na njugu na simsim zilizotwangwa, kwa ncha za vidole, kabla tende haijatiwa. Mafuta ya njugu huipokea harufu na kuieneza kote. Aichanganyaye mwisho hupata ladu yenye harufu katika tonge moja na bubu katika jingine.

Juu ya njugu uangalifu hauna budi kuwa mkali. Aflatoksini ni sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus juu ya nafaka na njugu zilizohifadhiwa penye unyevu, na moto wa kukaangia hauimalizi. Mwezi wa Januari 2020 Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa nchini Kenya, KEBS, lilipiga marufuku baadhi ya chapa za siagi ya karanga kwa sababu ya sumu hiyo. Anayetengeneza nyumbani ana jambo moja la kumfaa, kwamba njugu hupita machoni pake moja moja: humwagwa kwenye sinia, zikachambuliwa, na zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka au zenye ukungu hutupwa bila huruma, kwa maana sumu hiyo hukaa zaidi katika punje chache zilizoharibika. Kazi hiyo haionekani katika ladu iliyokamilika, na pengine ndiyo sehemu yake yenye heshima kubwa kuliko zote.

Simsim na njugu, ambazo hupatikana kwa wauza nafaka wa Nyamakima, hukaangwa kavu, kila moja peke yake, katika sufuria nzito na kwa moto mdogo. Simsim huondolewa mara zianzapo kudatadata, kwani zikiachwa hadi zigeuke hudhurungi huwa chungu. Unga wa wimbi, unaofyonza unyevu uliozidi, nao hukaangwa hadi unukie, maana unga mbichi waweza kubeba vijidudu. Tende za maduka ya Eastleigh, hasa zile laini zinazouzwa zikiwa zimeshindiliwa pamoja, hutolewa kokwa na kupondwa. Gramu 200 za tende, nusu kikombe cha njugu, nusu kikombe cha simsim, vijiko vitatu vya unga wa wimbi, ngozi ya machungwa mawili, kijiko kidogo cha maji ya ndimu na chembe za chumvi hutoa ladu 18 hivi. Blenda huharakisha, ila kinu na mchi hufaa zaidi, kwa kuwa mchi huacha punje nyingine zikiwa nzima kidogo na meno hupata kitu cha kutafuna, ilhali blenda ikizidishwa huzifanya njugu kuwa uji wa mafuta. Mchanganyiko hupumzishwa nusu saa ili wimbi linywe unyevu, kisha hufinyangwa. Donge likipasuka ukingoni halihitaji maji upesi; mara nyingi linahitaji kukandwa zaidi, mpaka mafuta ya njugu yajitokeze. Likinata kiganjani, wimbi kidogo hutosha. Ujuzi huu wa kiganja hauandikiki kwa vipimo, kwa kuwa tende ya leo si kavu kama ya juzi.

Kuhusu afya, sifa itolewe kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari huru, yaani ile inayoongezwa katika chakula pamoja na iliyomo katika asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Tende nzima haihesabiwi humo, lakini karibu theluthi mbili za uzito wake ni sukari, na ladu moja kati ya zile 18 hubeba gramu 7 hivi. Ladu nne, basi, zinakaribia sukari ya soda ya mililita 300, ingawa ladu huja na nyuzi, protini na mafuta mema yanayoifanya shibe idumu. Simsim ina madini ya chuma, ambayo mwili huyafyonza kwa shida yatokapo kwenye mimea, na vitamini C husaidia ufyonzaji huo. Kijiko cha ndimu hakitoshi kwa kazi hiyo, na ni busara chungwa lililokwaruzwa ngozi liliwe lenyewe papo hapo pamoja na ladu. Mtoto mdogo apewe iliyotwangwa laini na kubonyezwa bapa, kwa sababu donge la mviringo na punje ngumu vyaweza kumkaba.

Katikati ya mwaka, machungwa ya Muheza yanapofurika na bei kushuka, ngozi inayokwaruzwa huwa nyingi kuliko ladu zinazohitajika. Nyumba isiyo na friji huitandaza kwenye sinia kivulini, ikafunikwa kitambaa chepesi, hadi ikauke na kuvunjika kwa vidole, kisha ikatiwa katika chupa yenye kifuniko kinachokaza. Iliyokauka hupoteza sehemu ya mafuta yake, na kwa hiyo haisuguliwi katika njugu baridi. Hutiwa juu ya simsim mara zitokapo motoni, joto likiwa bado la kutosha kuiamsha harufu bila kuiunguza, na sufuria hufunikwa mpaka ipoe.