Midomo ya Kili Paul

Ukitaka kuuona ufundi wa Kili Paul katika video zake za kufuatisha nyimbo, zima sauti ya simu kwanza. Bila muziki, midomo yake bado inaimba. Inafumba sawasawa penye m, b na p, na kifua kinapanda kabla mstari haujaanza, kama kinavyopanda cha mwimbaji anayevuta pumzi. Wengi wanaofuatisha nyimbo za watu huisahau pumzi hiyo. Hufumbua kinywa neno likiwa limeshatoka, na mtazamaji, hata asipoweza kuitaja kasoro yenyewe, huihisi na kupita.

Kijana huyu wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, ambaye jina lake ni Yusufu Kimesera, alijulikana mbali mwishoni mwa 2021. Yeye na dada yake Neema walifuatisha wimbo wa "Raataan Lambiyan" kutoka filamu ya Kihindi ya *Shershaah*. Kaka alishika sauti ya Jubin Nautiyal, dada akashika ya Asees Kaur. Hapakuwa na jukwaa wala taa za studio, ila rubega, shanga na mwanga wa jua la kijijini. Video ikasambaa India nzima.

Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye lugha. Anayefuatisha wimbo wa lugha yake anasaidiwa na ulimi wake mwenyewe. Kili hana msaada huo. Inampasa ajue neno linatamkwaje, kisha ajue linasema nini, kwa kuwa maana ndiyo inayoyaongoza macho. Mwimbaji anayebembeleza hatazami kama anayelalamika, na mwenye Kihindi chake angegundua mara moja uso unaokwenda kinyume na maneno. Kwa Kili vyote viwili vinakwenda pamoja, na ndiyo maana wenye lugha walijiona wameheshimiwa.

Usikivu huu wa nyimbo za Kihindi una mizizi hapa kwetu. Vizazi na vizazi vilijaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja kuzitazama filamu za Kihindi, na waimbaji wa taarab wakaazima tuni za filamu hizo wakazitilia maneno ya Kiswahili. Kili ameligeuza jambo: maneno ameyaacha kama yalivyo, akayarudisha kwa wenyewe.

Kuvuma ni jambo moja, kudumu ni jingine, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mitandaoni kwetu njia ya mkato inajulikana: tafuta kiki. Gombana na mwenzio, tangaza mapenzi leo na talaka kesho, watu watajaa. Ila watu hao wamekuja kutazama ugomvi, na ukiisha wanaondoka. Kili alichagua kurudia kazi ileile kwa uangalifu uleule. Vazi halikubadilika, kwa hiyo mtu anamtambua kabla hajasoma jina. Video zake ni fupi na hazijazidishiwa madoido. Uso unapewa nafasi ya kufanya kazi.

Alijua pia kuchagua wakati. Tarehe 26 Januari 2022, Siku ya Jamhuri ya India, ndugu hao wawili walifuatisha wimbo wa taifa wa nchi hiyo. Mwimbaji wa India Lata Mangeshkar alipofariki mwezi uliofuata, walimuenzi kwa wimbo wake. Mtu anayejali kalenda ya watu wengine, furaha yao na msiba wao, si mgeni tena kwao. Mwezi huohuo Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimtunuku Kili, na baadaye mwaka huo akaalikwa India, akapanda majukwaa ya televisheni.

Leo wafuasi wake ni mamilioni, lakini idadi si kipimo ninachokitegemea zaidi. Tarehe 27 Februari 2022, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi aliwataja Kili na Neema katika kipindi chake cha redio. Hakuishia kwenye sifa. Aliwahimiza vijana wa India, nchi yenye lugha nyingi, wafuatishe nyimbo za lugha za wenzao kama ndugu hao walivyofanya. Ushawishi ni huo: watu kuiona kazi yako, kisha nao kutaka kujifunza kitu kigumu.