Manyani wa Adili

Kitabu cha Adili na Nduguze cha marehemu Sheikh Shaaban Robert kilitoka mwaka 1952, na tangu hapo aghalabu kimesomwa kwa njia moja. Hasidi na Mwivu, kama majina yao yanavyojitangaza, ni husuda na wivu vilivyovishwa kanzu. Walimtenda uovu ndugu yao, wakageuzwa manyani, wakapigwa, wakatubu. Katika usomaji huo manyani si manyani; ni adhabu, ni mfano, ni vazi la aibu. Mwalimu akishaliandika hilo ubaoni, somo limekwisha. Namwomba msomaji awatazame manyani hao kama manyani, walau kwa kitambo, kwani naamini mwandishi hakuwaweka pale kwa ajili ya mfano peke yake.

Ushahidi wa kwanza ni wa kazi ya tafsiri. Kiini cha hadithi hii hakikuzaliwa Tanga. Kimo katika Alfu Lela U Lela, katika kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra zama za Harun Rashid, ambaye kila usiku huwapiga mbwa wawili kisha akawakumbatia huku analia. Shaaban Robert aliyahamisha mengi. Basra ikawa Janibu, khalifa akawa Mfalme Rai wa Ughaibu, na mbwa wakawa manyani. Majina ya watu na miji hubadilishwa na kila mfasiri atakaye hadithi ikae kitako katika nyumba mpya. Kubadilisha mnyama ni jambo jingine kabisa. Kwa msomaji wa pwani, ambaye amefundishwa tangu chuoni kwamba mate ya mbwa ni najisi, liwali mwadilifu akimkumbatia mbwa angezusha suala la udhu wa liwali kabla ya suala la maumivu ya mbwa. Mwandishi alikiondoa kizuizi hicho, akaleta mnyama mwenye mikono.

Nyani ana vidole vya kushikia, hukaa kitako, hubeba mwanawe kifuani. Lakini nyani huyo huyo ndiye mwizi wa mahindi. Mkulima wa Muheza au Pangani ashindaye shambani akiamia mazao yake hamwoni ndugu pale mtini. Anamwona adui mwenye akili. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, aliyajua mashamba hayo. Na kati ya mwaka 1944 na 1946, baada ya miaka mingi ya forodha, alifanya kazi katika idara ya wanyama kule Mpwapwa. Hakuchagua mnyama kwa kubahatisha. Alimchagua anayetufanana mno, na ambaye kufanana kwake hakujampatia urafiki wetu hata chembe.

Swali basi ni hili: je, mnyama anastahili kutendewa vyema kwa sababu anafanana na mtu? Hoja ya kufanana ina nguvu kubwa duniani, na nchi yetu ina sehemu yake katika nguvu hiyo. Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, mwaka 1960. Akawapa sokwe majina badala ya namba, akamwona mmoja wao, aliyemwita David Greybeard, akivua mchwa kwa ujiti. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba zana ni za mtu peke yake. Na mpaka alipofariki Oktoba 2025 bibi huyo hakuacha kuwatetea sokwe kwa ujamaa wao nasi. Siibezi kazi hiyo. Lakini pwani yetu ina shahidi wa upande wa pili, naye ni nguva.

Nguva ana matiti mawili karibu na makwapa, kama mwanamke. Huzaa mtoto mmoja, baada ya mimba ya mwaka mzima au zaidi, na humnyonyesha muda mrefu. Wahenga wa baharini walikiona kufanana huko vizuri sana, hata masimulizi ya pwani yakaweka kwamba mvuvi aliyemnasa nguva ale kiapo kuwa hakumwingilia, kabla nyama haijauzwa. Msomaji aitafakari kanuni hiyo. Ilikiri kwamba kiumbe yule ni kama mtu, ikamlinda mvuvi na aibu, kisha kisu kikaendelea na kazi yake. Leo nguva ni haba mno katika maji ya Tanzania, na wachache waliobaki hutajwa zaidi upande wa Rufiji na Mafia. Nyavu ndizo zilizowamaliza, pamoja na nyama yao kuwa tamu. Kufanana kwao na mama zetu hakukuwafaa kitu.

Lugha yenyewe inatushuhudia kwa pande zote mbili. Sarufi yetu imemweka mnyama katika upatanisho wa watu. Twasema mtu huyu, nyani huyu, tandu huyu. Humwondoa humo yule tu tunayetaka kumdharau, tukamwita kijitu hiki. Ni ukarimu mkubwa wa lugha, na mfasiri atokaye Kiingereza huuhisi kila siku. Lakini lugha hiyo hiyo imeita ukatili unyama, ingawa ushikaji wa mjeledi unahitaji kidole gumba. Tukasema punda afe mzigo ufike. Tukasema tena kwamba fadhila za punda ni mateke, methali ambayo nashuku ilitungwa na mwenye fimbo.

Nirudi kitabuni. Wasomaji wengi huwahurumia manyani wale baada ya kuambiwa kwamba ndani yao wamo Hasidi na Mwivu. Huruma hiyo ni rahisi, nayo ni hatari pia, kwani kinyume chake ni kwamba wangekuwa manyani wa kweli, mjeledi ungekuwa halali. Mwandishi aliepukaje mtego huu? Aliuepuka kwa mpangilio wa mambo. Ikibali alitumwa Janibu kwa ajili ya kodi. Alipokuwa mgeni wa Adili akaona usiku yale yaliyofichwa, akayafikisha kwa mfalme, na Adili akaitwa Ughaibu ajieleze. Liwali mwema, mwaminifu katika mali ya serikali, anahojiwa na mfalme wake kwa ajili ya nyani wawili, wakati mfalme hajui bado kwamba ni watu. Katika fasihi yetu yote ya nathari sijui kikao cha baraza kinachonistaajabisha kuliko hicho.

Na kuna tendo la mapema zaidi. Adili alimwokoa kiumbe atambaaye aliyekuwa akifukuzwa na mwenye nguvu kumzidi, wa jamii tunayoikanyaga bila kukatisha mazungumzo. Hakuwa na uso wa kutukumbusha yeyote. Baadaye ndipo ikadhihiri kwamba ni Huria, binti wa kijini, ambaye ndiye atakayewageuza Hasidi na Mwivu na kumwamrisha Adili awapige. Hadithi nzima imening'inia kwenye huruma iliyotolewa kwa kiumbe asiyefanana nasi hata kidogo. Kama Adili angengoja kufanana, asingeinua mkono.

Nina lawama yangu kwa marehemu pia. Mara nduguze wanaporudi katika sura ya utu, kitabu huwasahau manyani. Toba, msamaha na upatanisho vinajaza kurasa, na vyote ni vyema, lakini hakuna nyani wa kweli anayefaidika na kile ambacho Rai amekiona. Machozi ya Adili nayo yametukuzwa kupita kiasi na wahakiki. Mpigaji anayelia hapunguzi hata kovu moja. Ni Rai aliyekomesha mapigo, tena kwa amri.

Miaka 56 baada ya kitabu hicho, Tanzania Bara ilipata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Ajabu yake ni kwamba haikutaja kufanana, ilitaja maumivu. Punda anayevuta matofali kwa jeraha lililo wazi mgongoni hahitaji kufanana na mtu ili aingie katika sheria hiyo, japo anahitaji mtu wa kuitekeleza, na hao ni haba kama nguva.

Walimu wanaokifundisha kitabu hiki wangefanya vyema kuisimamisha hadithi pale Janibu, usiku, kabla Adili hajafungua kinywa kueleza, na kuwauliza wanafunzi Ikibali anajua nini mpaka hapo. Hajui majina ya Hasidi na Mwivu. Ameona manyani wawili, mjeledi, na mtu analia.