Kilichopita Kwenye Kichujio cha Harden

Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira, yasiyo na chembe hai hata moja, yanageuza sukari kuwa pombe na hewa ya kaboni. Ndani ya maji hayo, kinachofanya kazi ni nini hasa? Arthur Harden na William Young wa Taasisi ya Lister, London, walipata jibu mwaka 1906 kwa jaribio ambalo kwangu ni mfano wa jinsi sayansi inavyopaswa kufanywa.

Walitumia kichujio chenye vitundu vilivyojazwa jelatini, wakayasukuma maji ya hamira humo kwa shinikizo kubwa. Molekuli kubwa, yaani protini, zilikwama, ndogo zikapita. Kila sehemu ikapewa sukari peke yake. Masalio hayakuchachusha. Maji yaliyopita nayo hayakuchachusha. Walipozirudisha pamoja, hewa ikaanza kutoka.

Kama wangeishia hapo, tungejua tu kwamba kazi inahitaji pande mbili. Uzito wa jaribio umo katika kuchemsha. Masalio yaliyochemshwa hayakufaa tena, kwa kuwa moto huharibu umbo la protini. Lakini maji yaliyopita yalichemshwa, yakachanganywa na masalio mabichi, na uchachushaji ukarudi! Basi mshirika huyu ni mdogo, anastahimili moto, wala si protini. Ndiye koenzaimu.

Tukumbuke kuwa maji yale hayakuwa na kitu kimoja tu. Harden na Young wenyewe walionyesha kuwa fosfeti nayo inahitajika. Usafishaji wa koenzaimu ulichukua miaka mingi. Hans von Euler-Chelpin wa Stockholm aliuendeleza, akagawana na Harden Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1929. Mwaka 1936 Otto Warburg, Berlin, akabainisha kazi ya molekuli hiyo, ambayo leo huitwa NAD: hubeba haidrojeni.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo. Kimeng'enya, yaani ile protini iliyokwama kwenye kichujio, ni hodari wa kuishika sukari iliyovunjwa na kuiweka mkao unaofaa, lakini asidi amino zake hazina mahali pazuri pa kupokea haidrojeni pamoja na elektroni zake mbili, kisha kuziachia tena. NAD ina pete ya nikotinamidi iliyo tayari kwa kazi hiyo. Huupokea mzigo kwenye kimeng'enya kimoja, hujitenga, huushusha kwenye kingine, kama mtumbwi wa kuvushia watu. Katika hamira mzigo hushushwa juu ya asetaldehidi, nayo ikawa pombe. Katika misuli ya mtu anayekimbia kwa kasi, huupokea piruveti, ikawa lakteti. NAD ikishapakuliwa hurudi kuanza upya, ndiyo maana kiasi kidogo hutosha kwa sukari nyingi. Isipopakuliwa, uvunjaji wa sukari husimama hata kama vimeng'enya vyote ni vizima.

Nikotinamidi yenyewe hutoka wapi? Mwaka 1937 Conrad Elvehjem, Wisconsin nchini Marekani, aliwaponya mbwa wenye ugonjwa wa ulimi mweusi kwa asidi ya nikotini na nikotinamidi. Ugonjwa huo ni ndugu wa pelagra ya binadamu, inayochubua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili. Vitamini tunayoiita niasini ndiyo malighafi ya NAD, na hii ndiyo sababu upungufu wake hushambulia viungo vingi kwa wakati mmoja: hakuna seli isiyobeba haidrojeni.

Niasini ya mahindi imefungwa kiasi kwamba utumbo hufyonza kidogo tu. Wenyeji wa Meksiko huyachemsha kwa chokaa kabla ya kuyasaga, nayo ikafunguka. Sisi tunaokula ugali bila hatua hiyo tusiuache ukae peke yake sahanini. Karanga, dagaa na nyama vina niasini ya kutosha kuziba pengo hilo.